Mchunga Kwenye Jokofu la Vioo

Barabara ya Kumi na Tano,
Ngamiani,
Tanga.
9 Juni 2025

Mpendwa binamu yangu Ayubu,

Salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki nyumbani. Shikamoo nakunyima, maana miaka miwili uliyonizidi si ya kumwamkia mtu. Vipi hali yako huko Mwanza? Kile kikohozi kimekuacha? Shemeji Mastura hajambo? Na mtoto ameshaota meno, au bado anacheka kama babu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua asubuhi. Mimi afya yangu usiulize, nimenenepa hadi mashati uliyoacha yamenibana, kwa hiyo usije ukayadai.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu aliyeishia kidato cha pili. Sababu ipo, utaikuta humo ndani ya bahasha imekunjwa. Simu inapeleka picha, sahihi ya wino haipeleki. Lakini kwanza nikutambie kidogo.

Si wewe uliyesema Tanga imelala? Kila ukipiga simu, Mwanza kuna hiki, Mwanza kuna kile. Basi tumeamka, yakhe, na tumeamkia mtaani kwetu. Unalikumbuka lile ghala la magunia jirani na nyumbani, ulimoona popo ukalia hadi ukapaliwa? Leo ni duka la vyakula vya asili, vya watu wasiotaka kula kitu kilichopigwa dawa wala kutiwa mbolea ya kiwandani. Linaitwa Jani Bichi.

Walipoanza kulitengeneza tuliwacheka. Walibandua plasta yote hadi mawe ya matumbawe yakatokeza, halafu wakayaacha hivyo hivyo. Wazee wa barazani wakasema masikini, fedha zimewaishia. Kumbe ndio mtindo! Wameyamulikia taa, na sasa watu wanatoka mbali kuja kupiga picha na ukuta ambao mimi na wewe tuliukojolea.

Ukiingia, ubaridi unakupokea mlangoni pamoja na harufu ya iliki. Asali ya milima ya Amani imepangwa kwa rangi, kutoka ya njano hadi nyeusi, na kila chupa ina jina la mwenye mizinga. Samaki wa Kigombe ana kikaratasi kinachosema alivuliwa lini, na nani, kwa mshipi au kwa wavu. Yule samaki ana maelezo mengi kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Mayai yamelazwa kwenye nyasi kavu kama wagonjwa wa daraja la kwanza. Nzi hakuna. Nilimtafuta hata mmoja nikachoka. Bei sikutajii, kikohozi kitarudi. Wanunuzi wengi ni wageni walionunua nyumba za zamani hapa mtaani wakazifanya za kulaza watalii, lakini hata mama Tausi muuza maandazi siku hizi huingia. Hanunui kitu, anapunga upepo. Mimi kusema kweli nalipenda lile duka. Nikipita mbele yake natembea kama nimechangia.

Sasa sikia. Siku ya kwanza mama kuingia, alisimama mbele ya jokofu la vioo. Ndani mna mboga ya mchunga. Mchunga huu huu mchungu uliokuwa ukiutema chini ya mkeka! Umefungwa kwa kamba ya mgomba, umelala kwenye baridi. Mama akasema, na duka zima likasikia, "Huu umezeeka! Nani kawauzia mchunga uliokwisha kutoa maua?"

Nikamshika mkono tutoke. Mwenye duka, mama mmoja wa Lushoto aitwaye Bi Praxeda, mwenye miwani na raba nyeupe, akaja mbio. Nikajua leo tunafukuzwa.

"Shikamoo mama," akasema. "Mzuri unapatikana wapi?"

"Marahaba. Kwangu."

Hivyo tu, kama anataja nyumba ya tatu kutoka msikitini.

Bi Praxeda akaahidi kuja kuiona bustani. Akiridhika, mama atamletea mchunga, kisamvu na mlenda mara tatu kwa wiki, mkataba wa miaka miwili, na gari la duka litafuata mboga huko huko shambani. Wewe unajua tangu baba yangu afariki mama anazunguka mitaani na beseni la mboga kichwani. Kwa magoti yale. Usiku huo alijifanya hana habari, lakini nilimsikia anaimba jikoni.

Na bustani ni ile ya Tongoni, ya marehemu mjomba Ibrahimu baba yako, ambayo sasa ni yako.

Hapa kuna kosa langu, usicheke sana. Siku hizo sikujua bado kwamba duka lile linakimbia dawa, na nilitaka tuonekane wakulima wa maana. Nikaenda kwa Noa, yule Mbondei anayelima nyanya shamba la pili, nikaazima bomba lake la kupigia dawa, lile la kubeba mgongoni, nikalitundika mlangoni mwa bustani lionekane vizuri. Mama alikuwa kisimani, hakuliona. Bi Praxeda alipofika tu, nikaanza: "Karibu mama! Sisi hapa tunalima kisasa. Mdudu akitaka kupita hapa, anaandika wosia kwanza."

Alikuwa ameshafungua daftari. Akalifunga.

"Mnapiga dawa gani?"

Nami kwa kiherehere changu nikamtajia tatu, mbili nimezitunga pale pale.

Akageuka kurudi garini. Mama akatokea na ndoo yake, akauona mgongo wa mgeni, akaliona bomba, akaniangalia. Hakunipiga, Ayubu. Afadhali angenipiga.

Mara Noa huyo, anakuja na makelele yake: "Wee Mwinyijuma! Bomba langu liko wapi? Umesema unamwonyesha mgeni mara moja, huku nyanya zangu zinaliwa!"

Bi Praxeda akasimama. "Kumbe bomba ni lako?"

"La nani tena? Hawa hawajui hata linavyoshikwa! Bi Khadija huyu, mdudu anamwokota kwa mkono, mmoja mmoja, anawapelekea kuku wake. Namwambia kila siku anajichosha."

"Na huyu kijana aliyenitajia dawa tatu?"

"Huyu? Huyu anajua kusema tu."

Sijawahi kufurahia kutukanwa kama siku ile. Bi Praxeda akarudi, akapiga magoti kwenye tuta na suruali yake nzuri, akageuza majani, akaona matundu, akaona konokono. Akachuma jani la mchunga akalitafuna bichi, hakukunja hata uso. Mama akacheka. Wakakaa wawili wale wakizungumzia mbegu hadi adhuhuri, na mimi nimesimama pembeni nimebeba bomba la watu.

Lakini bado kuna kitu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya ninunue bahasha. Bi Praxeda anataka karatasi ya mwenye ardhi, yenye sahihi ya wino, iseme kwamba shamba halijapigwa dawa miaka mitatu iliyopita, na kwamba litabaki bustani miaka miwili ijayo. Hilo la kwanza ni kweli tupu. La pili lipo mikononi mwako. Ulipopiga simu Idi el-Fitri ulisema kuna mtu anapataka pale ajenge nyumba ya wageni, kwa kuwa ni karibu na magofu ya kale, na watalii hawakosi. Wiki iliyopita nimemwona anapima kwa kamba. Duka litasubiri hadi mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo watachukua mboga kwa mtu wa Pongwe.

Mama hajui kama nakuandikia. Nilipomwambia tukuombe alinikatiza: "Shamba la kaka yangu ni la mwanawe. Ayubu ana mtoto, anataka kujenga. Usimtie mtoto wa watu katika aibu ya kumkatalia shangazi yake." Akajitwisha beseni, akatoka.

Basi nakuomba mimi, na safari hii sijatia chumvi. Miaka miwili tu. Baada ya hapo uza, na mimi mwenyewe nitawashikia kamba wakipima. Ukikubali, weka sahihi penye alama ya penseli, uitume kwa basi, nitaipokea stendi ya Kange. Ukiona huwezi, irudishe tupu, ila usimpigie mama. Nitamwambia duka limebadili mawazo, na beseni nitalibeba mimi. Wasichana wa Ngamiani watacheka wiki ya kwanza, ya pili watanunua.

Mpe shemeji salamu zangu, na mtoto umpakate kwa niaba yangu. Noa naye anakusalimu, anauliza kama Mwanza mnakula nyanya. Mola akufungulie njia zako zote, akulinde wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye, usaini usisaini,

Mwinyijuma