Jogoo Niliyempelekea Dereva

Muscat, Ijumaa mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, upweke tu ndio unanisumbua. Mguu wako unaendeleaje, na kifua cha mama kimepoa? Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungesema yaishe, nami ningenyamaza kama kawaida yangu.

Kazi za ndani naendelea nazo. Wenye nyumba si wabaya, ila siku nzima inaweza kupita bila mtu kuniita kwa jina. Ijumaa kama leo wao huenda kwa ndugu zao, mimi nabaki na mngurumo wa kiyoyozi.

Mwezi uliopita nilianza kumpeleka mtoto wao shule kwa miguu. Siku ya kwanza tulifika kwenye mistari myeupe ya kuvukia, gari likasimama. Ndani kulikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Baba, ningepitaje mbele ya mzee anayenisubiri? Nikapiga goti kidogo, nikamwonyesha kwa mkono apite yeye. Naye akanionyesha nipite mimi. Tukabembelezana hivyo mpaka walio nyuma yake wakaanza kupiga honi, na mtoto akanivuta mkono kwa aibu.

Nilimsimulia dereva wa nyumba hii, kaka mmoja wa Nzega. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema jambo lililonikata kicheko mimi.

"Yule hakukufanyia hisani, dada. Ni wajibu wake. Hata kwetu sheria ni hiyo hiyo: penye mistari, dereva anasimama, anayevuka anapita."

Nilimuuliza mara tatu kama ni hata kwetu Tabora. Akasema hata Tabora.

Tangu hapo nakuona wewe tu, pale kwenye mistari ya Kitete, mguu umevunjika, unamwomba radhi yule dereva aliyekugonga kwa sababu taa ya gari lake imepasuka. Ukiwa kitandani ukanituma nimpelekee jogoo wa kumpoza moyo, yule mwekundu wa mama. Nilimbeba kwapani kutoka nyumbani Ipuli. Dereva akampokea, akaniambia nikuonye usivuke ovyo. Nami nikaja kukuonya, Baba, mbele ya watu waliokuja kukupa pole.

Tangu siku hiyo hujavuka barabara kwenda kanisani. Unasali nyumbani, unasema hutaki kuwatia watu hasara. Sisi tukadhani ni uzee.

Ulikuwa kwenye mistari. Ulikuwa umeshafika katikati. Hukukosea kitu. Aliyekosea ni yeye, na baada yake mimi.

Hapa magari yote yananisimamia, na ndani yake hakuna hata mmoja anayenijua. Ningefurahi zaidi kusikia moja limekusimamia wewe. Jumapili mdogo wangu akushike mkono. Gari likishasimama kabisa, vukeni taratibu, na usimwombe mtu radhi.

Nisalimie mama, shangazi wa Kigwa, na mwalimu wa kwaya. Mwambie mwimbaji wake wa besi, yaani wewe, anarudi.

Mkataba ukiisha nakuja. Nitapita sokoni kwanza, ninunue jogoo mwekundu, nimbebe kwapani mpaka Ipuli. Huyo atakuwa wako.

Mwanao niliyekukosea,
Rehema