Dhoruba Zinazoharibu Wastani

Chato, Jumatano

Eti niziondoe! Miezi yote hii napima mawimbi ya ziwa hapa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, halafu leo msimamizi wangu wa chuo ananipigia simu kuniambia kwamba siku za dhoruba zinaharibu wastani.

"Lakini Daktari, hizo ndizo zenye nguvu," nilimwambia. "Kimo cha wimbi kikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne."

"Ni chache mno. Ziondoe, grafu itulie."

Grafu itulie! Halmashauri inasubiri hesabu hizi ili ijenge ukuta wa kukinga mwalo, na ukuta haupigwi na wastani. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanikumbusha ni nani anayesaini tasnifu yangu.

Naogopa, sikatai. Nikikwama mwaka huu, sijui nitamwambia nini baba kule Maganzo.

Jioni Mama Kabula, mwenye nyumba wangu, alinikuta nimeinamia kompyuta. Mumewe alikufa kwenye dhoruba ya masika, mtumbwi wake ukipondwa hapa hapa mwaloni, watu wakiona.

"Siku ile imo humo?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwenye grafu. Aliweka kidole chini ya kilele cha siku hiyo, akakipandisha polepole mpaka juu.

"Kumbe lilikuwa kubwa hivi," alisema, akarudi jikoni.

Nimeshindwa kula. Hasira tu, na hofu.

Nimemtumia Daktari hesabu pamoja na dhoruba zote. Akitaka kuifuta siku ile, aifute kwa mkono wake mwenyewe.