Hewa ya Stendi Kutoa Hewa ya Kakese

Jumatatu, 14 Julai 2025
Vestina kapiga simu. Mazungumzo ya kazi tu: shikamoo Baba, kifaa kinawaka taa? Kinawaka. Ni cha kupima uchafu wa hewa; alikifunga mwenyewe ukutani kwangu, barabara ya stendi hapa Mpanda, alipokuja kumzika mama yake. Hajarudi kutoka Dar tangu hapo. Kingine kipo kijijini Kakese, kwa dada yangu Romana.

Hesabu yake nzuri, ningeifundisha darasani. Hewa ya stendi ina moshi wa magari pamoja na vumbi la kila mahali. Ya Kakese ina vumbi tu. Toa ya pili kwenye ya kwanza, kinachobaki ni cha magari. Ukijua na upepo, na magari mangapi yamepita, unakadiria kila moja linatema kiasi gani. Nimemweleza hata kinyozi.

Alhamisi, 17 Julai
Maajabu! Kakese imeizidi stendi. Ukitoa, magari yanaangukia chini ya sifuri. "Baba, bodaboda za Mpanda zinasafisha hewa!" Kacheka. Kicheko cha marehemu mama yake, Mariana, kabisa, nikakaa chini. Halafu kasema kifaa cha Kakese lazima kimeharibika, itabidi aje mwenyewe wiki ijayo.

Aje! Nimeanika godoro lake.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekwenda Kakese. Kifaa kizima. Ila nyuma ya nyumba kuna tanuri la matofali, linachomwa kwa pumba za mpunga, moshi wote unapita pale kilipofungwa.

"Mwalimu, usikohoe!" Romana huyo. "Si wewe uliyetaka matofali ya kujengea kaburi la wifi yangu? Ulidhani yanaiva kwa jua?"

Kweli, niliagiza mimi. Miaka yote ya kufundisha fizikia, na sikufikiri kwamba tofali lina moshi.

Nikamwambia kwamba Vestina anakuja. Akaacha kumwaga pumba. Anakuja kujenga kaburi la mama yake? Nikajibu ndiyo.

Jumapili, 20 Julai
Nimetoka misa, simu. Vestina yuko stendi ya mabasi huko Dar, dirishani pa tiketi.

"Baba, kabla sijalipa. Hebu muulize shangazi, hakuna mtu anachoma kitu karibu na kifaa? Maana kama ni moshi tu, nazifuta siku hizo kwenye hesabu, basi. Sina haja ya kuja."

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Anapiga tena. Godoro bado liko juani. Koti nililovaa jana linanuka pumba, hapa kwenye kiti, na simu inaita—