Foleni ya Maombi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana, wewe na wote wa nyumbani kwako, pamoja na shemeji yangu na kile kikohozi chake kisichosikia dawa. Mgongo wako umepoa? Nilikwambia uache kubeba ndoo kichwani kama msichana anayetafuta mchumba, hukusikia. Mimi ni mzima. Moyo unadunda na mdomo unafanya kazi, kama utakavyoona.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule mimi niliionja tu, wewe ndiye uliyeshibishwa. Kalamu nimeishika kama sindano, ndiyo namna ninayoijua.

Yule dereva uliyemtuma alinifikia. Ameniambia ulisikia redioni kwamba mlima umeteremka juu ya mtaa wa chini baada ya ile mvua kubwa, na kwamba kila mtu anayetoka huku unamkamata mkono na kumuuliza kama nyumba yangu imesimama. Nitafika huko. Usiniharakishe, barua ni yangu. Kwanza nikusimulie habari ya maombi, kwa sababu kwenye harusi ya mwanao ulinicheka mbele ya watu, ukasema mimi simwombi Mungu, namtuma dukani. Sijasahau. Leo utanyamaza.

Basi, walionusurika na matope walipelekwa shule ya msingi. Madawati yakatolewa nje, mikeka ikatandikwa, kila darasa likawa na watu wake. Sisi akina mama wa maombi tukakutana kanisani, na Mwenyekiti wetu akaongoza. Huyu ni yule mke wa mwenye duka la saruji, mwenye sauti kama mtangazaji. Akaomba vizuri sana. Akaomba Bwana awakumbuke wahanga wote na kuwapa mahitaji yao yote kwa kadiri ya mapenzi yake. Wenzangu wakaitikia amina, wakaanza kukunja vitambaa vyao waende.

Nikawaambia wakae. Nikamuuliza Mwenyekiti, mahitaji yapi? Maisha yangu yote nimeshona nguo za watu, na hajawahi kuja mtu kwangu akaniambia nimshonee kwa kadiri ya mapenzi yangu. Angevaa gunia. Ananiambia shingo iweje, mkono uishie wapi, mfuko auweke upande gani. Mwenyekiti akanijibu, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba Mungu anajua yote na hana haja ya kusomewa. Nikamwambia ni kweli, yeye anajua, ila sisi ndio hatujui, na ndiyo maana tunawahi kufumba macho. Akasema atamwomba Mchungaji anipumzishe kidogo kuongoza. Nikamwambia anipumzishe, mdomo hautaki kibali.

Siku ile ile likaja lori la kwanza la msaada. Mdogo wangu, zilishuka tai za shingoni. Yalishuka makoti ya baridi na viatu vya visigino virefu, na mzee mmoja, fundi seremala asiye hata na suruali ya kubadilisha, akakabidhiwa tai yenye maua. Akaifunga kiunoni kushikia suruali yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona aibu, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoomba. Tulisema mahitaji yao yote, na mtu huko aliposikia mahitaji yote akafagia kabati lake.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Asubuhi yake akatokea msichana mwembamba mwenye kipaza sauti, wa hao watu wa msaada, akapita madarasani akitangaza kwamba wenye maombi wapange foleni mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nikasema, afadhali, hatimaye serikali imeokoka. Nikafunga kitambaa changu kichwani, nikanawa uso, nikaenda. Nilishangaa foleni ni ndefu vile. Nilijua watu wamepatwa na msiba, sikujua wamekuwa waombaji kiasi hicho.

Zamu yangu ilipofika, yule msichana alikuwa amekaa kwenye meza, hajainua kichwa. Nikamwambia nimekuja na maombi. Akanijibu haya bibi, sema. Nikamwambia hatusemi hivyo tukiwa tumekaa kama tunauza nyanya, tuiname. Huyo mtoto amelelewa. Aliinama, na nyuma yangu foleni nzima ikainama.

Nikaomba kama ninavyoomba. Nikamwambia Mungu kuna mama wa mapacha darasa la tatu, maziwa yalimkauka kwa hofu, anafua nepi mbili zile zile na kuzianika tumboni pake zikauke kwa joto, basi ampe nepi za kutosha na sabuni ya kipande, asimpe koti. Nikamwambia wasichana wakubwa wa darasa la tano wanahitaji vitambaa vyao vya kila mwezi na wanaona haya kusema, na yeye ndiye aliyewaumba hivyo, kwa hiyo asijifanye hajui. Nikamwambia dirisha la pili la darasa la tatu halina kioo, na mvua ikianza kugonga bati watoto wote wanakimbilia ukuta wa upande wa pili wakidhani mlima umerudi. Nikamtajia meno ya bandia ya yule mzee seremala, yaliyokwenda na maji, na anavyolowesha mkate kwenye chai akiwa amewapa watu mgongo.

Katikati ya maombi nikasikia kalamu inakwaruza. Nikafungua jicho moja. Msichana naye alikuwa amefungua moja, anaandika. Nilipofika amina akaniuliza mapacha wana umri gani, na nepi za ukubwa upi. Nikamwambia mtu hamrukii mwenzake na maswali kabla amina haijapoa. Lakini nikamjibu. Kisha akaniuliza na mimi mwenyewe ombi langu ni lipi. Nikamwambia mimi ni wa kuombea, siombewi. Akanitazama miguuni, akamwita aliyefuata.

Mwenyekiti aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza, na kanisa zima likisikia, kwamba nilikosea foleni, kwamba yale yalikuwa maombi ya vitu na siyo ya kusali, na kwamba ndiyo hasara ya kutosoma. Nikamuuliza yeye aliyesoma, Mungu anasikia kwa masikio ya nani? Au anadhani nepi zitadondoka mawinguni? Akasema nisikufuru. Nikamwambia neno ni moja, maombi, na waliolitunga hawakuwa wajinga.

Lori la pili likaja. Nepi zikashuka. Sabuni za vipande zikashuka. Vitambaa vya wasichana vilishuka vimefungwa vizuri kwenye mfuko mweusi, na aliyevipokea alikuwa mwanamke, hapakuwa na kelele. Nyuma ya lori alikaa fundi amekumbatia kioo kama mtoto, akapima dirisha, akakipachika. Meno hayajaja. Mzee anasema yeye na Mungu bado wanaongea. Na Mwenyekiti, umsikie, siku hizi anapita darasa kwa darasa kabla ya ibada akiuliza kila mmoja amepungukiwa nini, anakwenda kuomba kwa majina. Hajanishukuru. Sikuhitaji. Nimemwona tu kwa mbali amechuchumaa kando ya mkeka wa mtu na yale magauni yake ya bei, nikajua nani alimshona upya.

Sasa hiyo nyumba.

Nyumba haipo, mdogo wangu. Mlima uliikalia. Cherehani yangu iko chini yake, pamoja na vitambaa vya wateja na kile kitanda cha mama. Nilitoka na gauni la kulalia, kitambaa cha kichwa na mkasi, na usiniulize kwa nini mkasi. Darasa la tatu ninalokusimulia ndiko ninakolala, chini ya ubao, upande wa mlango. Viatu ni mabuti ya mpira ya mwanamume nisiyemjua. Ndiyo hayo yule msichana aliyoyatazama.

Dereva wako aliponikuta nilikuwa nimesimama getini na kitambaa changu kichwani kama mgeni aliyekuja kutazama wagonjwa, nikamwambia akwambie naendelea vizuri. Sikutaka ulie. Hapana, ngoja niseme sawasawa. Nilipokuwa naombea wengine nilikuwa bado mshonaji wa mtaa, mtu wa kuheshimiwa. Ningejitaja, ningekuwa mhanga kama wahanga.

Jana ndipo Mama Pacha alipopiga makofi darasani. Huyu hata si wa kanisa letu, na tangu tumefika alikuwa hajasema maneno ya kujaza kiganja. Akasema tuiname. Akaomba kwa namna yangu ile ile, sijui alijifunza lini. Akamwambia Mungu huyu bibi wa chini ya ubao ana mguu mdogo na anaburuta mabuti, apewe ndala. Akamwambia magoti yake yanalia usiku kucha sakafuni naye anasingizia panya, apewe godoro. Akamwambia bibi huyu ana mdogo wake mahali, anamtaja akiwa usingizini, anamgombeza kuhusu ndoo, basi huyo mdogo mtu ajue aliko dada yake.

Nilitaka kumkatiza. Midomo ilikuwa tayari. Lakini darasa zima lilikuwa limeinama kwa ajili yangu, hata wale watoto, hata mzee na tai yake kiunoni, nikakosa pa kuingilia. Waliposema amina, na mimi nilisema. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Ndala zimekuja leo, na godoro. Yule msichana wa meza jana alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake, mjanja yule. Ila lile la tatu lori haliwezi kulileta, kwa hiyo nimeomba karatasi, nikaandika mwenyewe.

Basi umejua. Ukija, usiingie hapa unalia, utanitishia watoto. Njoo na uzi mweusi na sindano za mkono, kuna suruali nyingi hapa zimefungwa kwa tai. Godoro linatutosha wawili, nimelipima kwa shibiri, alimradi hujaanza tena kupiga mateke. Na ukipiga magoti leo, usinichanganye na wahanga wote. Nitaje.

Wasalimie wanao mmoja mmoja, na umwambie shemeji anywe maji ya moto. Neema ya Bwana ikae mlangoni kwako.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
darasa la tatu, chini ya ubao.