Seva Haijazimwa, Harusi Haijapangwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hapa Karatu kila ninayemweleza anacheka. Naangalia seva ya kampuni ya utalii, ile kompyuta inayotuonyesha gari lipi liko wapi ndani ya kreta, na kazi naipenda kweli, kiini cha mfumo wake, yaani programu ya ndani inayoiendesha, kikigundulika kina tundu la kuingilia wezi mimi nakitia kiraka mashine ikiendelea kufanya kazi, dereva hajui wala mgeni hajui, na bosi wangu Mzee Felisiani anaringa kwa kila anayeingia, "Ya kwetu haijazimwa tangu Naserian aje!", nami kwa kunogewa na sifa nikamwambia haitazimwa kamwe. Sasa Parmuat, mchumba wangu wa Malambo, mtu mpole, ng'ombe wa mahari wameshapokelewa, anataka tarehe ya harusi nami naahirisha tu, kwa sababu viraka vyangu vinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, ikizimika vinatoweka, na baada ya muda wote huu sijui kama itawaka, na kwao mtandao haushiki mpaka mtu apande kilimani, juzi akaniuliza taratibu, "Naserian, unaolewa na mimi ama na hiyo mashine?" Nifanye nini?

Naserian, Karatu

Naserian mwanangu, hongera. Mchumba anayeuliza taratibu usimwache.

Sasa nikugombeze. Viraka vyako ni kazi ya fundi hodari, lakini kiraka ni cha kukuvusha mpaka siku ya kuzima, hakikuja kuifuta siku hiyo. Umekulia kwa wafugaji: ng'ombe wa maziwa huachwa kukamuliwa akauke kabla ya kuzaa, na hakuna anayemwita mwenye boma mvivu. Sifa zimekulevya, mama, wala usibishe.

Kesho mwambie Mzee Felisiani, "Mzee, niliposema haitazimwa nilikosea." Atanuna mpaka chai ya saa nne, kisha atakubali. Chagueni siku ya masika, njia ikiwa tope na wageni wachache, madereva watumie redio. Weka nakala ya kila kitu pembeni, sakinisha kiini kilichokwisha kurekebishwa, na mwenzako mmoja wa ofisini akae hapo ajifunze, atakushikia zamu ukienda kuolewa. Halafu izime kwa mkono wako, uiwashe.

Parmuat mpigie leo, umpe tarehe ya baada ya masika. Mashine ikitaka kugoma, igome ukiwa umeketi mbele yake Karatu, siyo ukiwa Malambo na shanga za harusi shingoni, bosi akiambiwa simu yako haipatikani.