Mtoto Aliye Ukutani Kwako Si Kotoha

Kitamachi,
Yuasa, Wakayama,
Japani.

21 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Tomie,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Katika barua yako ya Januari ulisema lile la kushoto hukugomea kila mvua inapokaribia, na kwamba yule daktari wako kijana amekukataza kupanda ngazi, nawe ukamjibu kwamba nyumba yako haina ngazi hata moja. Naomba barua hii ikukute bado unabishana naye, maana siku utakapoacha kubishana ndipo sisi tutakapoanza kuogopa. Na macho je? Matone unayatia, au unamwambia mwanao Hideki kwamba umeyatia?

Sisi huku hatujambo. Daigo ana mafua, na kama unavyomjua mume wangu, nyumba nzima lazima ijue. Ule mchungwa ulio nyuma ya karakana ya marehemu Baba umezaa kupita kiasi mwaka huu. Tumegawia majirani hadi wameanza kutukwepa.

Wakana sasa ana miaka tisa, anatuamrisha sote. Kotoha amemaliza chekechea wiki iliyopita na mwezi ujao anaanza shule. Nimekuwa kwenye cherehani tangu mwaka mpya nikimshonea mkoba wa vitabu, mfuko wa viatu na kifuko cha kikombe, kama shule inavyotaka, vyote vya kitambaa kimoja. Safari hii nimenunua kitambaa kipya kwa ajili yake. Utaona baadaye kwa nini nakutajia hilo kana kwamba ni sifa.

Nimezunguka vya kutosha, Shangazi. Nina jambo la kukuungamia, na nimelianza mara tatu nikachana karatasi. Lisome ukiwa umeketi.

Unakumbuka kwamba Wakana alipozaliwa ulimshonea kimono ndogo ya pamba yenye majani ya mianzi, ukamtilia mishono myekundu mgongoni kwa mkono wako, kwa sababu nguo ya mtoto mchanga haina mshono nyuma na wewe hukubali mtoto akae bila cha kumlinda kisogoni. Alipozaliwa Kotoha ukaniandikia niirudishe kimono ile huko Brazil. Ulisema mishono ya dada haimfai mdogo mtu, kila mtoto atiliwe yake. Ukaifumua ile ya Wakana, ukatia mipya, nawe ulikuwa umetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Hideki aliniambia ulikaa siku tisa dirishani kwa kazi ya mishono kumi na miwili. Hukuomba malipo wala zawadi. Uliomba picha moja tu ya Kotoha akiwa amevaa, ikiwezekana ya mgongoni.

Kifurushi kilifika Kotoha akiwa na miezi miwili. Nilikifungua, nikaiona kazi yako, nikalia kidogo kwa uchovu, kisha nikaiweka kabatini nikisema nitamvisha kesho. Wakana alikuwa na miaka mitatu na wivu wa miaka thelathini. Mimi nilikuwa na homa ya kuvimba titi. Kesho ikawa nyingi. Siku nilipoitoa tena, mkono wa mtoto haukupita kwenye mkono wa nguo.

Kwa hiyo Kotoha hakuivaa kimono yako hata mara moja. Hata hekaluni hatukumpeleka alipotimiza mwezi. Tulisema tutampeleka baridi ikipungua, na ilipopungua tukaona aibu kumpeleka mtoto mkubwa hivyo.

Kisha ikaja barua yako ya pili, fupi, yenye maandishi yaliyopinda: picha iko wapi. Nami, Shangazi, nilifungua albamu ya Wakana nikatoa picha yake ya siku aliyopelekwa hekaluni amevaa kimono ileile, picha ya mbele, uso umekunjamana kama watoto wote wa mwezi mmoja. Nyuma yake nikaandika, "Kotoha, siku ya hekaluni." Na katika barua nikaongeza kwamba samahani, mtoto hakutulia tulipotaka kumgeuza mgongo. Uongo wa kwanza sikuweza kuuacha peke yake.

Hideki aliniandikia kwamba umeitundika ukutani karibu na kitanda chako. Mtoto aliye ukutani kwako si Kotoha. Ni Wakana.

Ningeweza kukuambia kwamba nilikosea mara moja tu kwa sababu ya uchovu. Si kweli, na ndiyo maana nimechana karatasi tatu. Wiki iliyopita nilirudia uongo uleule, safari hii mbele ya mtoto mwenyewe.

Chekechea yetu ina desturi: siku ya kuaga, kila mtoto husimama mbele ya wazazi, picha yake ya uchanga ikaoneshwa kwenye kitambaa kikubwa cheupe, naye akasema maneno machache aliyofundishwa nyumbani kuhusu alivyokuwa. Mwalimu Sakiko alitaka picha ya mtoto akiwa peke yake, uso uonekane. Nikaketi sakafuni na albamu. Wakana ana albamu kumi na moja. Kotoha ana mguu wake mmoja pembeni ya siku ya kuzaliwa ya Wakana, ana sikio lake katika picha ya theluji, na ana mgongo wa kofia. Picha ambayo uso wake umo wote, dada yake amemkumbatia shingo kama anayemkamata mwizi.

Nilijiuliza inakuwaje mtu anayepiga picha kila siku asiwe na picha ya mtoto wake. Jibu nililijua, sikutaka kulisikia. Unajua kazi yangu, nashona nguo za watoto na kuziweka kwenye picha ili wanawake wengine wanunue michoro ya kukatia. Kila gauni nililomshonea Wakana nilimpiga nalo picha jikoni, bustanini, akila tambi, akilala. Watu walisifu jinsi ninavyohifadhi maisha ya kila siku ya familia. Kotoha alipofika akavaa magauni yaleyale, na mimi sikuinua kamera, kwa sababu gauni lile nilikuwa nimeshalipiga. Nilikuwa napiga picha nguo, Shangazi. Miaka yote hiyo nilidhani napiga picha wanangu.

Nakala ya ile picha ya Wakana nilikuwa nayo. Nikaipeleka. Na nikamfundisha Kotoha maneno yake, akayakariri akiogeshwa, akayasema mezani, akamwimbia hata baba yake bafuni.

Siku yenyewe alivaa gauni la bluu. Picha ikatokea, kubwa kama mlango wa ghala. Akasema kwa sauti kali, mikono ameibana mapajani: "Hapa napelekwa hekaluni kwa mara ya kwanza. Sikulia hata kidogo."

Watu wakapiga makofi. Wakana alikuwa ameketi kando yangu. Akaninong'oneza, nawe unajua minong'ono ya Wakana inasikika hadi kituo cha treni:

"Mama, mbona pale kuna kidole cha Babu?"

Nikamwambia, "Nyamaza kwanza."

"Lakini si kile kifupi? Tazama, hapo chini ya kichwa. Babu si alikufa kabla Koto hajazaliwa?"

"Wakana, nimesema nyamaza."

"Basi huyo ni mimi."

Mama mmoja wa mbele yetu, ambaye kwa kawaida hugeuka kwa kila jambo, safari hii hakugeuka, na hapo nikajua kwamba wamesikia wote. Kotoha pia alisikia. Alibaki amesimama akiitazama picha, akageuka akanitazama mimi, kisha akainama kwa adabu kama alivyofundishwa na kurudi kwenye kiti chake.

Tulirudi kwa miguu. Alimshika baba yake mkono. Daigo aliniuliza kwa macho, nami nikatazama barabara.

Nyumbani alivua viatu, akavipanga, akaniuliza, "Mimi nilikuwa wapi?"

Nikasema alikuwepo, alikuwa mtoto mzuri sana, ila picha zake zilikuwa chache.

"Chache ngapi?"

Nikamwonesha. Mguu, sikio, kofia. Wakana naye, ambaye sasa alikuwa amegundua alichokifanya, akajaribu kusaidia. "Huo mguu ni mzuri lakini, Koto. Mimi sina picha ya mguu." Kotoha hakucheka.

Niliporudisha ile picha mahali pake ndipo nilipokitazama kidole cha Baba vizuri. Kama Wakana, asiyemkumbuka babu yake ila kwa picha za kwenye madhabahu ya nyumbani, alikitambua kidole kile, wewe je? Baba alikatwa kidole na randa la kuchongea mapipa akiwa na miaka kumi na minne, na ni wewe, dada yake, uliyechana mshipi wa kimono yako ukamfunga. Alinisimulia mara nyingi. Wewe hukuhitaji hata miwani kuujua mkono wa ndugu yako.

Basi ulijua. Ulijua tangu siku ulipofungua bahasha. Nimezitoa barua zako zote za miaka sita nikazisoma tena. Ulinishukuru kwa mwani, ukanishukuru kwa sindano, barua ile ya kwanza ulinishukuru hata kwa stempu kwamba zina picha za ndege. Picha ya mtoto hukuigusa kwa neno. Mimi nilisema moyoni kwamba uzee umeanza kukusahaulisha, nikafurahi. Nimeandika hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: kwamba nilifurahi kudhani akili yako inapungua.

Sijui kama ulinyamaza kwa kunihurumia au kwa kukata tamaa nami. Kama ni kwa kunihurumia, sistahili. Ningependa unigombeze, kwa barua ndefu, kwa maneno uliyokuwa ukimwambia Baba mlipokuwa wadogo.

Naomba unifanyie moja. Hideki aishushe picha ile, akate jina nililoliandika nyuma, aandike Wakana. Ukitaka kuirudisha ukutani kwa ajili ya mkono wa ndugu yako, irudishe.

Kimono yako nilimpa Kotoha. Nilimwambia ni nani aliyeishona na nilivyoiacha kabatini, yote, bila kujipaka mafuta. Aliihesabu mishono yako kwa kidole. Akaniuliza, "Hii ni yangu, si ya Dada?" Nikamwambia ya Dada ilifumuliwa, hii ilishonwa kwa ajili yake peke yake. Ameichukua chumbani kwao na hataki niipige pasi.

Nikamwomba nimpige picha akiwa ameishika, ili nikutumie. Nilikuwa nimeshainua kamera kabla sijamaliza kuomba. Akageuza uso ukutani.

"Sitaki picha," akasema. "Bibi wa Brazil akitaka kujua nilivyokuwa mdogo, wewe si ulikuwepo? Mwambie."

Nikaweka kamera chini, nikatafuta kichwani. Shangazi, nilitafuta muda mrefu mpaka akanichungulia usoni kuona kama nalia. Ya Wakana yanakuja yenyewe, kwa sababu picha zinanikumbusha. Ya Kotoha ilibidi nimtafute yeye mwenyewe, na nilikuwa karibu kubuni kitu, kwa mazoea. Kisha nikampata.

Alikuwa na miezi sita, msimu wa mvua. Nilikuwa namlaza kapuni kando ya miguu yangu nikishona. Cherehani ikilia, ananyamaza na kufumbua macho. Ikisimama, anabana pumzi, ananitazama, midomo inaanza kutetemeka. Nguo ikiisha nami sina nyingine, nainua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, natoa uzi, naiendesha hivyohivyo, tupu, hadi alale. Mwezi mzima wa mvua nilifanya hivyo kila alasiri. Hakuna picha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye gurudumu na mguu kwenye kanyagio, na macho yangu yalikuwa kapuni.

Nikamweleza hayo. Alisikiliza mdomo wazi.

"Ulikuwa unashona nini?"

"Sikuwa nashona kitu."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuendeshea wewe."

Akafikiri. Akaniambia nirudie tangu mwanzo, polepole. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na mara ya tatu akanisahihisha niliposahau kusema kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Kisha akasema, "Hiyo mwandikie Bibi. Hiyo ni mimi."

Nimekuandikia, Shangazi.

Msalimie Hideki na mkewe Lúcia, na mwambie mjukuu wako Kenzo kwamba binamu zake wa huku wanamwuliza kama kweli anapanda farasi. Daigo anakusalimu kati ya chafya mbili. Wakana anakutumia salamu na anasema hakukusudia. Miungu ya nyumba yetu na ya kwako ikutunzie macho yako na hayo magoti, ikupe siku nyingi za kubishana na daktari.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyo hivyo.

Wako akupendaye, asiyestahili mishono yako,

Natsue