Dera la Dubow na Gauni la Wakesho

Galbet, Garissa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hukata nikifika tu kwenye jina la Wakesho, na barua haikatwi. Kaa chini kwanza, uweke mguu juu ya kigoda. Goti la kushoto linaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Na yule ng'ombe mwenye hasira, amekubali kukamwa na mtu mwingine, au bado anakutaka wewe tu? Mimi ni mzima. Joto la huku ni lile lile: nikishika pasi sijui kama nimeiwasha au bado.

Nina kisa cha kukuchekesha, halafu nina jambo la kukuomba. Usiruke mistari ukatafute jambo lenyewe, nakujua.

Nilikwisha kukueleza kwamba huku fundi mwanaume hamwekei mwanamke tepu mwilini. Mteja huleta dera lake la zamani, nalipima hilo, nashona jipya. Miaka minne nimekula kwa mtindo huo bila matata. Sasa, mwezi uliopita Halima alitaka dera la harusi ya mdogo wake. Halima ni mke wa rafiki yangu Dubow, yule anayeuza vitambaa duka la pili kutoka langu. Kumbe dera la kupimia lilikuwa limeanikwa, na mbuzi amekula upande mzima, mkono na yote. Dubow, ambaye kwa kimo na mabega analingana kabisa na mkewe, akaja na suluhisho.

"Walaal, bima mimi," akasema, akiniita ndugu kwa Kisomali. P humshinda tangu nimjue. "Mimi na Halima ni saizi moja."

Basi nikashona, na siku ya kukata upindo Dubow akasimama nyuma ya pazia, amevaa dera la mkewe la zambarau, na mtandio kichwani ili tuone kama rangi zinaelewana. Mimi nimepiga magoti chini na pini mdomoni. Mara akaingia mama mkwe wake, akafungua pazia bila hodi, akaona mgongo wa bintiye.

"Halima!" akaanza, kwa Kisomali, ambacho sasa nakielewa kuliko ninavyojifanya. "Afadhali nimekupata mbali na yule mumeo."

Mama, Dubow aliganda akitazama ukuta. Nami na pini zangu mdomoni, ningesema nini? Yule mama akavuta stuli, akakaa, akamchambua mkwewe kuanzia kichwani. Kwamba analala mchana. Kwamba akichinja kuku hufumba macho. Kwamba ni sufuria tupu, kelele nyingi na ndani hamna kitu. Kwamba hizo ndevu anazipaka hina kabla ya wakati ili aonekane mzee wa maana. Kila akivuta pumzi nilidhani amemaliza, kumbe anapanga upya.

Mwishowe akasema, "Hebu geuka nione upindo." Dubow akatikisa kichwa. Yule mama akamshika bega, akamgeuza. Zikatokeza ndevu za hina.

"Audhubillahi!" Alitoka na ndala moja. Nyingine ninayo hapa, hakuna aliyethubutu kuifuata. Kabla ya alasiri soko zima lilikuwa limeambiwa kwamba mkwe wa watu amegeuka mwanamke katika duka la fundi wa Taita.

Kesho yake asubuhi Dubow alikuja, macho mekundu. Akafunga mlango nyuma yake.

"Walaal, niambie ukweli. Kwenye simu nimeona watu wanaitwa transjenda. Hii kitu imenishika? Mimi nilivaa dera mara moja tu, wallahi, na ni kwa sababu ya mbuzi."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kisha nikaona hacheki, nikaacha. Nikamwambia, Dubow, hilo si jambo linaloshika mtu kama mafua. Kuvaa ni kuvaa. Wako wanaume wanaovaa nguo za kike kwa mchezo wa kuigiza, wengine kwa kuwa wanazipenda tu, na wewe kwa ajili ya mbuzi. Wakivua ni wanaume, na hata kabla hawajavua ni wanaume. Transjenda ni jambo lingine. Ni mtu ambaye watu walimwangalia alipozaliwa wakasema huyu ni mvulana, na yeye ndani yake anajijua ni mwanamke. Au kinyume chake. Nguo hazikumfanya hivyo, na nguo haziwezi kumgeuza.

"Akivaa jezi ya mbira?"

"Bado ni mwanamke."

"Akivaa kikoi kama mimi?"

"Bado."

"Na mimi ndani ya dera?"

"Bado ni Dubow. Mume wa Halima. Sufuria tupu."

Hapo akacheka kidogo. Unakumbuka, Mama, nilipofika huku nilikuandikia kwamba wanaume wa Garissa wanavaa sketi, ukaniombea kanisani kwa jina? Nilimsimulia. Alishangaa sana. Kikoi ni sketi? Cha babu yake? Nikamwambia ndiyo hivyo, nguo haijui imevaliwa na nani, ni sisi tunaoisemea.

Akaniuliza nimeyajulia wapi haya yote, fundi wa madera. Mama, nikamwambia. Mtu wa kwanza huku kumwambia. Nikamwambia nina dada Mombasa anaitwa Wakesho, kutwa yuko ndani ya ovaroli akitengeneza friji za watu, grisi mpaka kwenye nyusi, na ni mwanamke. Na kwamba zamani sote tulimwita Mwakio, tukidhani ni mvulana.

Dubow akauliza mama yetu anasemaje. Nikamjibu kwamba umesema ibada ya kumkumbuka Baba aje, lakini avue gauni kwanza, avae suruali, ndipo ale na wenzake. Na kwamba Wakesho amejibu atabaki Mombasa.

"Mimi dini yangu najua inasema nini, na kwa sheikh siendi kuuliza hii," akasema Dubow. "Lakini wewe umesema nguo si kitu. Kama si kitu, mama anataka avue nini?"

Nimekaa na swali hilo wiki mbili, na aibu yake ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia mwanzoni, "Mama, ni mchezo wa nguo, utaisha." Nilisema bila kufikiri, ili ulale.

Kumbuka ile Jumamosi ulipotoka sokoni ukatukuta wawili tumevaa magauni yako ya kanisani. Mimi nilikuwa juu ya meza nakata mauno, nimejaza maembe kifuani, watoto wa jirani wamejaa dirishani. Wakesho alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunga leso vizuri, anachambua maharagwe. Hakuwa anacheza. Ulituchapa wote wawili sawasawa, ukasema tuvue. Mimi nilivua nikakimbilia mpira, na kabla sijafika uwanjani nilikuwa nimesahau. Yeye alilia mpaka jioni, na sote tukadhani ni fimbo. Uliona kosa moja, Mama, kumbe yalikuwa mambo mawili. Mimi ndiye niliyekuwa Dubow.

Namwonea Wakesho huruma, Mama. Na ninakuonea wewe huruma, maana najua unampenda na unamwogopea midomo ya watu. Midomo imempitia Dubow na bado anauza vitambaa. Mama mkwe wake hata amekula harusini, akiwa amempa mgongo.

Katika furushi hili utakuta magauni mawili ya bluu, kitambaa kimoja. Kubwa ni lako. La pili ni la Wakesho, alivae mkae mstari wa mbele siku ya ibada. Vipimo vyake sikuwa navyo, ila kimo chake ni cha Dubow, naye alikubali kusimama tena, mradi nifunge mlango kwa kufuli na kuuegemezea meza.

Nisalimie Shangazi Mkawasi, mpiga kengele wa kanisa, na Mjomba Mghanga atakayeongoza sala: mwambie Baba mwenyewe hakupenda sala ndefu. Kaka mkubwa mwambie viti aazime mapema. Na Wakesho mpigie wewe, si mimi. Jina likikushinda mara ya kwanza, rudia. Mimi lilinichukua miezi. Usimwambie avue kitu. Mwambie maharagwe yanamngoja ayachambue.

Ni mimi, mwanao aliyevua akakimbilia mpira,

Mwandoe